Watani, Marini na Arinoti: Maigizo Marefu ya Nyanda za Kati

Katika nyanda kavu kati ya Mpwapwa na Manyoni, watu wamekuwa wakiendeleza igizo moja kwa muda unaozidi karne moja na nusu, vizazi vikirithishana nafasi, bila jukwaa, bila kitabu cha kanuni na bila msimamizi. Mmoja hujifanya bwana na kumwita mwenzake mtumwa; wakikutana tena, nafasi zimegeuka. Mmoja hubeba kuku wa watu mchana kweupe, mwenye kuku akicheka na kuapa kulipiza. Hakuna anayeamini kwamba madai yao yangesimama mahakamani, na hakuna anayethubutu kuyapuuza. Huo ni utani, wa koo na wa makabila. Zama za reli, Tanganyika ilikuwa na igizo jingine lenye fahari kubwa kuliko hilo: ngoma ya beni, iliyokuwa na wafalme wake, majenerali wake na madaktari wake, na vyama viwili, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kutoka mji hadi mji. Beni ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kufikia miaka ya uhuru ilikuwa imekwisha nguvu. Utani upo. Ukiyapima maigizo haya mawili kwa utajiri wa mandhari na uzuri wa visa, beni inashinda kwa mbali. Kwa hiyo inafaa kuuliza kwa nini iliyoshinda ndiyo iliyokufa.

Swali hili lina wenzake ughaibuni. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hujitwika mhusika, mpiganaji au mchawi au mwizi, na mmoja wao huwa msimuliaji anayeuongoza ulimwengu wote uliobaki. Mfululizo mmoja wa visa huitwa kampeni, na kampeni inaweza kuchukua jioni chache au miaka mingi. Ipo moja nchini Kanada iliyoanza mwaka 1982 na kuendelea kwa miongo chini ya msimuliaji yuleyule. Arneson alikuwa na ulimwengu wake, Blackmoor. Gygax alikuwa na Greyhawk. Nyingine ni Glorantha ya Greg Stafford na Forgotten Realms ya Ed Greenwood. Mashabiki hubishana ni upi ulio bora, na mabishano yao kwa kawaida huangukia kwenye ramani, miungu, falme na majina: wenye vingi zaidi ndio ulimwengu bora. Nadhani kipimo hicho ni kibovu, na ushahidi wa nyanda za kati unaonyesha ubovu wake. Kinachorefusha igizo la pamoja ni nafasi anayopewa mpinzani. Akiwa mtu unayeweza kumbadilisha, igizo litaisha pindi fahari itakapohamia kwingine. Akiwa mtu ambaye bila yeye huwezi hata kumzika baba yako, igizo litadumu hata kama mandhari yake ni vumbi tupu.

Tuanze na hilo vumbi. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Kutoka Mpwapwa msafiri aliingia Marenga Mkali, pori lisilo na maji ya kuaminika. Akivuka Ugogo salama, upande wa magharibi lilimngoja Mgunda Mkali, pori jingine refu kabla ya kufika Unyanyembe, eneo la Tabora. Mwandishi wa visa vya kubuni angefurahi kupata majina hayo mawili kwenye ramani yake. Katikati yake kulikuwa na nchi ya tembe, ya mtama na uwele, ya ng'ombe na visima vyenye wenyewe. Ugogo haukuwa na mtawala mmoja. Ulikuwa na nchi ndogondogo nyingi, kila moja na mtemi wake mwenye dhamana ya mvua, na kila mtemi alidai hongo yake, yaani ushuru wa kupita: merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba nyeupe na nyekundu. Msafiri wa Kizungu Burton alipopita mwaka 1857 alilalamika. Stanley alipopita mwaka 1871 alilalamika zaidi. Malalamiko yao yana faida kwetu kwa sababu yanaonyesha mtiririko wa kisa: kila baada ya siku chache msafara ulifika mpaka mpya, mazungumzo yakaanza upya, vitisho vikatolewa pande zote mbili, kisha nguo zikahesabiwa na watu wakachota maji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mbele yao alitangulia kirangozi aliyevaa joho jekundu na ngozi za mbega, ngoma ikilia. Hapo ndipo kila kundi lilipopata sura yake. Mgogo akawa mlinda maji anayedai ushuru. Mnyamwezi akawa mbeba mizigo anayejigamba. Mtu wa pwani akawa tajiri mwoga.

Siwezi kudai kwamba utani wote wa Tanzania umetoka katika misafara. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani huko Usambara, aliandika kuhusu utani miaka ya mwanzo ya 1940 na kuona chemchemi mbili: vita na safari. Wahehe na Wangoni ni mfano wa ile ya kwanza. Walipigana vikali kuanzia miaka ya 1870, na wajukuu wao wakaanza kudaiana utumwa kwa kicheko. Utani wa Wanyamwezi na makabila yaliyokaa kando ya njia ya misafara ni mfano wa ile ya pili. Mpagazi aliyeugua siku kumi kutoka kwao alihitaji mtu wa kumpa maji, na aliyekufa alihitaji mtu wa kumfukia. Stephen Rockel, mwanahistoria aliyewachunguza wapagazi hao kwa kina, anauona utani kama sehemu ya ufundi wa kusafiri, sawa na kujua visima viko wapi. Lililo muhimu kwa hoja yangu ni kwamba katika chemchemi zote mbili mtu aliyepewa nafasi ya kukuzika ni yuleyule ambaye hadithi inamtaja kama adui au mnyang'anyi. Hakupewa ndugu, maana ndugu walikuwa mbali. Hakupewa rafiki, maana urafiki hauwi wa watu wote.

Chini ya utani wa makabila kulikuwa na ule wa koo, ambao katika Ugogo ni wa zamani na umesukwa kwa ustadi zaidi. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyekuwa mshairi na mwanahistoria, alichapisha mwaka 1954 kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, na humo masimulizi ya asili za koo yanaelekea pande zote: hawa walitoka Uhehe, wale Unyamwezi, wengine Ukaguru. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta hali hiyohiyo. Wagogo ni watu walioundwa na safari za watu wengine, na kila ukoo unakumbuka njia yake. Mwaka 1968 Rigby aliandika makala ndefu juu ya utani wa Wagogo, akionyesha jinsi utani wa mabinamu na wa babu na wajukuu unavyohusiana na ule wa koo zilizofungamana. Mtani wa ukoo ana kazi. Kwenye msiba ndiye anayeweza kufanya yale ambayo wafiwa hawawezi kuyafanya bila kujichafua kwa mauti, na ndiye anayewatakasa. Wakati huohuo ana ruhusa ya kuvunja heshima ya mahali hapo. Katika sehemu nyingi za nchi hii mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake ya kudai pombe, hulala njiani kuzuia jeneza, au huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Tazama alivyo hapo: ni mwigizaji, ni mdai, na ni mtumishi wa maziko, yote kwa pamoja. Hakuna mchezo wa mezani uliowahi kumtwika mhusika mmoja mzigo wa namna hiyo.

Sasa beni. Ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, vijana wa mji walipochukua tarumbeta na gwaride za kizungu na kuzitia katika mashindano ya mitaa ambayo pwani ilikuwa nayo tangu zamani. Mombasa ilipata vyama vya Kingi na Skochi, kisha Setla. Tanganyika ikapata Marini na Arinoti, Marini wakijiona waungwana na wasomi wa mjini, Arinoti wakikusanya watu wa kazi ngumu na wageni wa mji. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na miaka miwili baadaye, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Jenerali van Deventer wa upande wa Mwingereza yaliingia Dodoma. Vita vile vya Wazungu vilibeba beni kuliko kitu kingine chochote: askari wa Mjerumani walikuwa nayo, askari wa Mwingereza walikuwa nayo, na walipokutana kama mateka au kama majirani wapya waligundua kwamba wao ni Marini kwa Marini na Arinoti kwa Arinoti. Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 ndicho nguzo ya historia hii, ameonyesha jinsi mtandao huo ulivyoenea kutoka Kenya hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Chama cha mji mmoja kiliandikiana barua na cha mji mwingine. Kulikuwa na vyeo vya Kingi, Kaisa, Jenerali, Lodi, Daktari, na wanawake walikuwa na ngazi zao. Mwanachama aliyeshuka ugenini alipokelewa, alilishwa, na akifa alizikwa na chama. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliiogopa kwa muda, wakidhani ni njama ya siasa, na hofu yao si ya kuchekwa sana: watu waliokuwa wakiagizwa na kila mtu kazini walikuwa Jumapili wakivaa nyota za jenerali na kupigiwa saluti.

Kwa mandhari, basi, beni ilikuwa na kila kitu ambacho mshabiki wa Greyhawk angekitaka: falme, majeshi, vyeo vya kupanda, barua za siri, sare. Visa vyake vilikuwa na mwendo pia, maana kila shindano lilimwacha mmoja ameshinda na mwingine akitafuta fedha za kulipiza. Utani ukilinganishwa nayo ni maskini. Kisa chake ni kilekile: ulikuwa mtumwa wetu, tulikupa maji, mlitukimbia vitani, leta kuku. Hakipandi cheo wala hakifiki kilele. Lakini angalia nani alimhitaji nani. Marini alimlisha Marini na Arinoti alimzika Arinoti. Mpinzani alihitajika siku ya ngoma tu, na siku hiyo mpinzani yeyote angefaa. Ndiyo maana Mombasa pande ziliweza kubadilika ndani ya muda mfupi, jina hili likififia na jina lile likipanda, bila mashindano yenyewe kusimama. Zaidi ya hapo, fahari ya beni ilikopwa kwa watawala. Kaisa alipoondoka, cheo cha Kaisa kilibaki kumbukumbu ya vita. Na watu walipoanza kudai madaraka ya kweli, jenerali wa Jumapili alianza kuonekana mtoto. Kuanzia miaka ya 1930 na 1940 vijana wa mjini walihamia kwenye dansi, kwenye mpira, kwenye vyama vya wafanyakazi, na mwishowe TANU. Hakuna aliyewazuia kuondoka, kwa sababu hakuna mtu wa upande wa pili aliyekuwa akiwadai kitu.

Msomaji makini atasema kwamba beni haikufa, iligeuka. Atataja ngoma ya kalela ya Wabisa katika miji ya shaba, ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliichambua mwaka 1956. Atataja malipenga ya Malawi. Atataja klabu za mpira, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, pande mbili zilizogawa mji wa Dar es Salaam kama Marini na Arinoti walivyougawa. Nakubali kuhusu umbo. Kilichopotea ni kisa: hakuna anayeendeleza leo ugomvi ambao Kingi wa Arinoti aliuacha bila kumaliza. Na huo mfano wa Simba na Yanga unanisaidia mimi kuliko unavyomsaidia yeye. Magazeti na mashabiki wanawaita watani wa jadi. Ushindani uliokuwa na sura yote ya beni ulipotafuta heshima ya kudumu, ulijisitiri chini ya utani. Mitchell naye alikuta jambo la kufanana nalo kule migodini: Wangoni na Wabemba, maadui wa karne ya 19, walikuwa wameugeuza uadui wao kuwa utani wa kutukanana kazini na kusaidiana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lasema si haki kuuita utani mchezo. Ni taasisi ya jamii. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya aina hii mwaka 1940 kama njia ya kuunganisha watu ambao mahali walipo panawatenga na kuwakutanisha kwa wakati mmoja. Mchezaji wa Dungeons & Dragons huingia kwa hiari na akichoka hufunga daftari, ilhali mtani huzaliwa mtani. Ni kweli, na tofauti hiyo ndiyo hasa ninayoitegemea. Kampeni ya mezani, hata iwe na ramani nzuri kiasi gani, hukaa juu ya mabega ya msimuliaji mmoja. Akihama mji au akizeeka, falme zake zote huhama au kuzeeka naye. Utani uliigawa kazi ya msimuliaji kwa kila mtu na kuifanya ya kurithi. Anayedhani kwamba kwa kuuita igizo ninaupunguzia uzito anadhani igizo ni jambo jepesi, na hilo haliwezi kusemwa na mtu aliyewahi kuona jeneza likizuiwa.

La tatu linanigusa zaidi, kwa sababu halina jibu safi. Hadithi ya utani imejengwa juu ya vitu vya kutisha. Katika njia ile ya misafara walipita wapagazi wa ujira, na walipita pia watumwa waliofungwa. Wagogo walifikwa na njaa mara nyingi, na ile ya Mtunya, iliyowakumba kuelekea mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia na miaka michache iliyofuata, haikuletwa na mvua peke yake: majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Mzaha unaomfanya Mgogo kuwa ombaomba umeota katika majivu hayo. Je, utani hauwi basi njia ya kusahau kwa raha? Wakati mwingine huwa hivyo. Lakini lazima tutenganishe mzaha wa mtani na mzaha wa mpita njia. Mtani anapomwita mwenzake ombaomba anajua kwamba yeye naye ataitwa mtumwa, na kwamba mmoja wao akifa mwingine ana wajibu msibani. Anayeutoa mzaha huo kwenye jukwaa la vichekesho, bila kuwa mtani wa mtu, amechukua maneno ya mhusika na kuacha deni lake. Hasira ambayo watu wa Dodoma huwa nayo dhidi ya mizaha ya aina hiyo ina msingi, nayo haitokani na kukosa ucheshi.

Swali linalobaki ni kama igizo hili linaweza kuchezwa mahali ambapo ramani yake haijulikani tena, na hapo Makole ni kipimo kizuri. Ni kata ya mjini Dodoma, na historia ya karibuni ya mji huo ni ya kuhamishwa watu. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huko, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, kazi ikaenda polepole kwa miongo. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Watumishi waliopanga nyumba katika kata kama hii wametoka kila pembe, na wengi wana asili ya makabila ambayo hayakuwa katika njia ya Bagamoyo na Tabora. Mhaya au Mchaga hana babu aliyelipa hongo kwenye kisima cha Ugogo. Ungetarajia utani ukome hapo. Lakini Mchaga alikuja na mtani wake Mpare, na utani kama wao hautafuti ruhusa ya njia ya misafara. Katika maofisi, shuleni, na hata ndani ya Bunge lililo katika jiji hilohilo, watu huanza kwa kuulizana asili zao na kuishia wakitafuta nani ana haki ya kumtania nani. Pasipo na uhusiano wa moja kwa moja hutafutwa ulio karibu: jirani wa mtani, mkwe wa mtani. Mashamba ya mkonge na kambi za jeshi zilishafanya hivyo kabla ya Makole.

Miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya taarifa za utani wa makabila mengi ya nchi na kuziweka katika majuzuu kadhaa. Ni kazi kubwa, na ndiyo kitu kilicho karibu zaidi na kitabu cha kanuni ambacho igizo hili limewahi kupata. Kwa beni hali ni kinyume: bila watafiti kama Ranger tungejua machache tu juu ya ngazi za vyeo vyake, maana waliovishika hawakuacha mtu wa upande wa pili mwenye sababu ya kuvikumbuka. Majuzuu ya Lucas hayaazimwi na mtu anayetafuta mtani wa kusimamia maziko Makole. Huyo hupiga simu kwa shangazi, au humuuliza jirani kabila lake, na kama jirani hafai, jirani atamjua anayefaa. Na akipatikana, bei ya kutoka kaburini itapangwa palepale, kwa sauti kubwa, mbele ya wafiwa.